Gari Lisilobeba Maiti

Mwaka ule nilipotaka kulichukua gari bovu la Mzee Iqbal, watu wa mtaa wetu wa Mabatini walisema Justa amechanganyikiwa. Wenye adabu zaidi walisema ni ujane. Sikuwa nimechanganyikiwa, na ujane nilikuwa nimeuzoea. Nilikuwa na hasira tu, hasira yenye akili zake timamu, na kila asubuhi tulifungua nayo duka langu la vipuri.

Gari lenyewe lilikuwa MG ya Kiingereza, viti viwili, wazi juu. Miaka ya sitini kaka yake Iqbal alishindana nalo kwenye barabara ya Musoma. Mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji ziwani. Nililiona likipita, jeupe kama maziwa, nikasimama na ndoo kichwani mpaka vumbi likatulia. Baadaye huyo kaka akahamia Kanada, gari likabaki uani kwa Iqbal karibu na reli. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mbarika ukaota chini yake ukachomoza kwenye tundu la sakafu. Na bado, kila nilipopita pale, macho yangu yalikwenda kwenye ile boneti ndefu kana kwamba nimeitwa.

Tangu biashara ya nje iwe ruksa, Iqbal hakulala. Bidhaa zilikuwa zinaingia kwa wingi kupitia mpaka wa Sirari na alihitaji gari la kuzibeba. Ule ua alishamuuzia mtu aliyetaka kujenga maduka. Akaniita akanipa neno lake: nimpe pikapu yangu, anipe MG pamoja na nyongeza ya kutosha kulifufua.

"Kama hulitaki, Mama, wakata vyuma wanakuja mwisho wa mwezi," alisema. "Watalipeleka kwa watengeneza sufuria."

Nilikwenda na fundi Yunus kulikagua. Alilala chali kwenye mavi ya kuku, akagonga huku na huku, bisibisi yake ikazama sakafuni mpaka kwenye mpini. Akatoka anajipangusa.

"Injini imeshikana, ila haijapasuka. Chasisi ni nzima. Sakafu hii ni ya kukata yote na kuchomelea upya. Breki, nyaya, viti, vyote upya. Linafufuka, dada Justa, lakini litakutoa jasho. Sasa la kazi gani?"

"La kupanda."

"Na nani?"

"Na nitakayemtaka."

Yunus alicheka, akadhani namtania.

Ile pikapu tuliinunua mimi na marehemu mume wangu, Shigela, kwa biashara ya dagaa. Tuliinunua wawili, ikatumiwa na ukoo mzima. Imebeba maharusi, mahindi, ng'ombe wagonjwa, mabati ya kanisa, na maiti wengine ambao hata majina yao sikuyajua. Mafuta yangu, matairi yangu, na shukrani zote kwa Ndalahwa. Huyo Ndalahwa ni kaka mkubwa wa Shigela, na ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, ambacho watu wote wa kwetu tulioko Mabatini tumo. Siku Shigela alipozidiwa kijijini, upande huu wa Kigongo, Ndalahwa alikuwa na pikapu yetu ng'ambo ya ziwa, kapeleka watu harusini Sengerema. Aliahidi kurudi jioni. Alirudi kesho yake akasema wamekosa kivuko cha mwisho pale Busisi. Shigela alikuwa ameshafariki. Pikapu ikapata kazi ya kumbeba kwenda kaburini.

Kwa hiyo nilijua vizuri nataka nini. Nilitaka gari zuri ambalo hakuna mtu anaweza kuliazima.

Jumapili baada ya ibada niliitwa nyumbani kwa Ndalahwa. Wanachama walijaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake mkekani. Mke wake, Hellen, alikuwa anagawa chai bila kuinua macho.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mayu, mama yetu, tumesikia unatoa pikapu upewe banda la kuku."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, maana hakuwa amekosea sana.

"Ni kweli, shemeji."

"Hilo gari linabeba watu wangapi?"

"Wawili."

"Mzigo?"

"Kikapu kimoja, kama hakikujaa."

"Na ukitokea msiba? Maiti utamweka wapi?"

"Maiti hatapanda. Ndiyo maana nalitaka."

Hapo kicheko kilikauka. Ndalahwa alinieleza polepole, kama anamfundisha mtoto, kwamba pikapu ni ya mdogo wake, na cha mdogo wake ni cha ukoo. Nikamjibu kwamba dagaa niliwaanika mimi, juani, na sikumbuki kuuona ukoo ukiwageuza. Akasimama. Akatamka yale yanayotamkwa kijijini kwetu mtu akiwakaidi wenzake.

"Ukiitoa ile pikapu, tumekutenga. Hutaomba moto wala hutaombwa. Hutasalimiwa. Ukifa, hatutakuzika. Atakayekusemesha au kukusaidia kwa lolote, hata kwa kukusogezea kigoda, atatoa mbuzi. Na siku ukitaka kurudi, utachinja fahali, tule tushibe, ndipo tukusamehe."

Jambo hili si la mchezo. Nilipokuwa mdogo nilimwona mzee mmoja aliyetengwa akichimba kaburi la mtoto wake, yeye na mkewe tu, na majirani wanapalilia pamba shamba la pili kama hawaoni. Nikiwa pale uani nilimkumbuka yule mzee. Naogopa kuzikwa na watu wasionijua. Niliogopa siku ile na naogopa hata leo.

Lakini kuna jambo Ndalahwa hakulifikiria vizuri.

"Shemeji, umesema na mimi sitaombwa kitu?"

"Hutaombwa."

"Hata kuchangia mafuta ya harusi? Hata kulaza wageni wa msiba kwangu?"

Alitazama wenzake. Kanuni ni kanuni, na yeye ndiye aliyekuwa ameitamka mbele ya watu.

"Hutaombwa," akarudia, sauti imepungua.

"Basi adhabu yenu ina mapumziko ndani yake. Nitengeni."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wanawake niliosukana nao nywele walinipita kama nguzo ya umeme. Jirani yangu alimzuia mwanawe asinirudishie ungo wangu. Nilijifanya siumii, nikapandisha sauti ya redio dukani, lakini niliumia. Yunus, ambaye si mtu wa kwetu wala si mwanachama, aliung'oa ule mbarika, akafungua breki zilizoganda na kuvalisha magurudumu yanayoshika upepo. Alipomaliza akaninong'oneza nimsamehe, wateja wake wengi ni watu wa Ndalahwa, siku ya kulisukuma nyumbani nisimtafute.

Jumamosi asubuhi nilipeleka pikapu kwa Iqbal. Mzee wa watu alikuwa ameshasikia kila kitu. Hakuupokea ufunguo.

"Mama, mimi nataka biashara, sitaki kukuvunjia nyumba. Rudi nayo. Sitakudai neno."

Nilisimama katikati ya yale magari mawili. Pikapu ilikuwa inawaka vizuri, imeoshwa, na ingenirudishia salamu za mtaa mzima kabla ya saa sita. Lile jingine lilinuka kuku. Nikapitisha kiganja kwenye boneti yake, kutu ikanichubua, na chini ya uchafu nikaona ile rangi ya maziwa. Niliona wazi kwamba nikirudi na pikapu, nitawabeba mpaka siku nitakapobebwa mimi. Nikamwekea Iqbal ufunguo mkononi.

"Basi nikuvutie na hii pikapu mpaka kwako," alisema.

"Hapana. Isinivutie kitu tena."

Ningeweza kukodi vijana wa mikokoteni pale sokoni. Lakini Ndalahwa alikuwa amekaa kibarazani kwa muuza kahawa, penye kona ya kuingilia mtaani kwetu, anawatangazia wapita njia kwamba Justa atakodi watu wa kumsukumia, kwa kuwa wa kwake hana tena. Nilipopata habari hiyo nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni. Mkono mmoja nikaupitisha juu ya mlango nikashika usukani, bega nikaliweka kwenye fremu ya kioo, nikasukuma.

Kwenye tambarare lilikwenda. Kwenye reli nilihangaika mpaka mabega yakawaka moto, likavuka. Watu walitoka madukani kunitazama. Wengine walinicheka, na nikawarudishia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Nilifika kwenye kile kilima kidogo cha kuingilia Mabatini nimelowa mgongo mzima, na pale, mbele kabisa ya kibaraza cha kahawa, likagoma. Nilisukuma likapanda kidogo, likarudi. Nikasukuma tena, likarudi. Wanachama walikuwa wamekaa pale na vikombe vyao, kila mmoja anamfikiria mbuzi wake.

Hellen alikuwa anapita na beseni la mboga kutoka sokoni. Aliliweka chini. Akaja nyuma ya gari, akaweka mikono yake kwenye buti.

"Hellen," Ndalahwa aliita. "Njoo huku."

"Nasukuma gari, Baba Masele."

"Utatoa mbuzi."

"Mbuzi ni wa zizi letu. Utajitoza mwenyewe."

Mtu mmoja kibarazani alicheka, kisha akasingizia kikohozi. Hellen hakucheka. Alinyoosha shingo upande wangu na kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa na maneno hayo mdomoni kwa muda mrefu mno.

"Justa, siku ile ya Shigela hatukukosa kivuko. Tulikiacha. Jua lilikuwa bado lipo, nikamwambia twende, mdogo wako anaumwa. Akasema ngoma imenoga, Shigela atasubiri."

Mikono ilinilegea. Gari likaanza kurudi nyuma, Hellen akaguna, akalizuia kwa paja lake mpaka nikakumbuka kulishika. Nikamtazama Ndalahwa. Miaka minne mtu huyu alikula kwangu. Alikalia kiti cha mume wangu siku ya arobaini, akasema kivuko hakina huruma, na mimi nikamwitikia. Nilitamani kumfuata pale kibarazani nimkunje mbele ya watu wake.

Hakuhitaji kuambiwa ninachokijua. Aliona usoni kwangu. Akainuka, kikombe kikamponyoka, akateremka ngazi mbili huku amenyoosha mkono.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, nisikilize."

Kibaraza kizima kiligeuka kumtazama mwenyekiti wao.

"Mimi nimetengwa," nilimwambia. "Kunisemesha ni mbuzi."

Alibaki pale kwenye ngazi na mkono wake, hajui aurudishe wapi. Nikamwambia Hellen aingie ndani ashike usukani. Nikaenda nyuma peke yangu, nikaegemeza bega na mikono yote miwili kwenye buti, na gari likaanza kupanda.