Sahani ya Mama Anifa

Kosa nililifanya mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana wa Idd, nikiwa nimevaa dera jipya na kunukia udi. Nalisema mapema msije mkamlaumu mtoto.

Mwaka huu niliamua kwamba binti yangu Haifa, mwenye miaka kumi, ndiye atakayepeleka fitri yetu, ile sadaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani. Kila mwaka naipeleka mwenyewe, nikaona mtoto atakua akidhani mchele unajipeleka wenyewe kwa wenye haja. Nikapima pishi kwa kila mtu wa nyumba yetu, mchele wa Nzega ule ule tunaokula, hauna chenga hata moja. Kisha nikampa somo, na mimi nikianza somo simalizi leo. Nikamwambia fitri ni haki ya Mungu, ikishatoka haigeuki nyuma, na mtu akila fitri yake mwenyewe ni kama hakutoa. Haifa akasikiliza neno kwa neno.

Nyumba niliyoichagua ni ya tatu kutoka kwetu, hapa hapa Isevya. Mama Anifa alikuwa na maisha yake mazuri tu mpaka msimu huu, mumewe Uwesu alipokodi shamba kule Usoke, akatia kila walichokuwa nacho kwenye tumbaku, mvua ya mawe ikaja ikachana majani yote. Uwesu kabaki huko huko anafanya vibarua. Mama Anifa hajamlalamikia mtu, ila macho tunayo. Na binti yake Anifa ndiye roho ya Haifa. Wanakaa dawati moja, wanasukana nywele, wakigombana asubuhi mchana wameshasahau.

Haifa alipeleka jioni ya kuamkia Idd, akarudi akaniambia mama Anifa kapokea kwa mikono miwili na kutuombea dua. Nikajisifu moyoni kwa malezi yangu.

Sasa, siku ya Idd mtaani kwetu sahani hupishana njiani tangu watu wanaporudi kutoka kuswali. Unampelekea jirani pilau, naye anakuletea yake, ingawa zote zina bizari ile ile. Hakuna anayefanya hivyo kwa njaa. Ni namna ya kuambiana kwamba bado tupo pamoja.

Saa saba mchana Anifa akaingia na sahani iliyofunikwa kawa. Alivaa gauni la Idd iliyopita, pindo limeshushwa. Akaniamkia, akasema mama yake anatutakia Idd njema na tukaribie pilau. Haifa alishanyoosha mikono kupokea. Mimi nikafunua kawa, nikaona punje ndefu za mchele nilioupima kwa mkono wangu, nikamzuia.

"Irudishe nyumbani, mwanangu, mkale wenyewe," nikamwambia Anifa, tena kwa sauti tamu. "Huu ni mchele wa fitri yetu. Sisi haturuhusiwi kuula."

Anifa akaitazama sahani, akamtazama Haifa. Badala ya kuaga akaniamkia mara ya pili, shikamoo, nami kwa upumbavu wangu nikaitikia marahaba. Akaondoka na sahani yake, akipita mbele ya nyumba ambazo zote zilimwona akija nayo.

Haifa hakunipigia kelele. Alikaa sakafuni na gauni lake jipya akalia, akasema Anifa hatakaa naye tena dawati moja, kwa sababu sasa nimemwambia wazi kwamba yeye ni maskini wetu. Nikamjibu kwamba dini ni dini.

Mume wangu Ghalibu alirudi kutoka kuwatembelea wazee, nikamweleza, nikitegemea anipongeze. Yeye si mtu wa maneno mengi. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Mchele ulikuwa wetu mpaka ulipofika mlangoni kwao," akasema. "Ukishaingia ni wao, wana haki ya kuugawa. Mtume mwenyewe aliletewa nyama na mtu aliyepewa nyama hiyo kama sadaka, akala, kwa sababu kwake ilikuwa zawadi. Wewe umemnyima mwenzio nafasi ya kutoa siku ya Idd."

Nilikuwa nimemfundisha mtoto kutoa, kupokea sikumfundisha, na mimi mwenyewe sikujua.

Nikamchukua Haifa, tukaenda mikono mitupu. Mama Anifa alikuwa ukumbini peke yake, macho mekundu. Nikamwambia nimekosea, na nimekuja kuomba ile sahani niliyoirudisha. Nilidhani atatufukuza, na haki angekuwa nayo.

"Nimempelekea jirani, mzee Lugembe," akasema. "Kuna ukoko tu chunguni."

Nikamwambia basi tutakula ukoko. Hakucheka, ila akainuka. Nikamsikia jikoni akikwangua chungu kwa kijiko, na akimwita Anifa atoke chumbani aje kuwanawisha wageni.

Anifa akaja na birika na beseni, uso ameuinamisha. Akammiminia Haifa bila kumtazama. Haifa akanawa taratibu kuliko siku zote, mpaka Anifa akalazimika kumwambia inatosha, na mmoja wao, sijui yupi, akaachia kicheko kidogo.

Kisha Anifa akanigeukia mimi, na birika likasimama. Nikanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Sijawahi kumnyooshea mtu mikono namna ile, na huyu alikuwa mtoto wa miaka kumi niliyemwaibisha saa moja iliyopita. Niliona haya. Niliogopa kwamba ataniacha hivyo hivyo.

"Nawa, mama," akasema Anifa, akainamisha birika.