Mwanamke Aliyekatazwa Akiwa Hewani

Usiku wa jana niliota nimekalishwa kiti cha tano kwenye meza ya majaji wa skii, kwenye mlima mweupe ambao sikuuliza jina lake. Nilikuwa nimevaa kaptula. Baridi haikunisumbua, kwa sababu mezani palikuwa na karatasi iliyosema kwamba majaji hawasikii baridi, nami nilikuwa nimeisoma na kutia saini.

Mimi ni fundi cherehani wa Njombe, naishi peke yangu. Skii sijawahi kuiona kwa macho. Nimeisoma mwenyewe, kidogo kidogo, tangu nilipoanza kupunguza mikono ya makoti ya skii ya mitumba kwa ajili ya vijana wa bodaboda, nikatamani kujua walioyavaa kwanza walikuwa watu gani. Nilichoelewa ni kwamba kuna skii ya kushindana kwa kasi, na kuna skii huria, ambayo watu hupinduka hewani, huruka matuta, na zamani walicheza hata dansi wakiwa na fimbo mbili ndefu. Walioianzisha hawakuwa na sheria. Walijaribu, wakaanguka, wakajaribu tena. Sheria zilikuja baadaye, na walioziandika walikuwa wamekaa.

Mbele ya meza yetu, juu kama nguzo ya umeme, kulikuwa na mwanamke hewani. Kichwa chini, miguu juu, vibao vya skii vikiwa bado vimefungwa miguuni. Hakuwa anasogea. Chini yake, kwenye mteremko wa kutua, mwanamume mwenye beleshi alikuwa akichimbua theluji.

Chwa. Chwa. Chwa.

"Yule ni nani?" niliuliza.

"Ragnhild," kilijibu Kitabu cha Sheria. Kilikuwa kimelala katikati ya meza, kinene, na kilikuwa na kikohozi. "Na yule wa chini ni kaka yake, Torleif. Dada aliruka wakati kupinduka kunaruhusiwa. Alipofika juu kabisa, kukakatazwa."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanavunjika shingo. Watu wa bima wakaikimbia milima. Ndipo ikaandikwa ndani yangu kwamba kuanzia leo miguu isipite juu ya kichwa. Ya kwake ilikuwa imeshapita. Kuirudisha ni kupinduka, na kuendelea nayo ni kupinduka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yuko pale."

"Na katazo lenyewe bado lipo?"

"Liliondolewa zamani." Kikakohoa, kurasa mbili zikajifungua. "Tatizo hana alama. Asiye na alama hajaruka, na ambaye hajaruka hawezi kutua. Ndiyo maana umeitwa."

Torleif aliinua uso. Alikuwa mwanamume wa makamo, mashavu mekundu, jasho likimtoka. "Karibu, bwana jaji. Tunashukuru umefika. Theluji hii isipochimbuliwa inageuka jiwe, na mtu akitua juu ya jiwe ndiyo basi tena."

"Kaka, mwache mtu akae kwanza," alisema Ragnhild kutoka juu. Wote wawili walizungumza Kiswahili kama watu wa Iringa, nami sikuona ajabu. "Bwana jaji, mimi sina neno kubwa. Medali sitaki. Nataka tu kaka anione nikitua. Tangu niruke anachimba, hajaona kitu."

Nikamwambia nimesikia.

Jaji wa kwanza, bwana mwenye kofia ya manyoya, akainua kibao chake cha alama. "Tisa na nusu!"

"Tisa na nusu kwa kuning'inia?" alisema jaji wa pili. "Hata shuka langu linaning'inia kambani. Mbili!"

Watu wawili wenye glavu nyeupe wakaja, wakawanyanyua pamoja na viti vyao, wakawatupa kwenye korongo. "Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa," kilieleza Kitabu. Yule wa tisa na nusu, alipokuwa anapita mbele yangu, alinitakia kazi njema.

Majaji wawili waliosalia wakatazamana muda mrefu.

"Tano," alisema wa tatu, taratibu.

"Tano na robo," alisema wa nne, akajutia hapo hapo.

Mimi nilikuwa sijatoa alama yoyote, kwa hiyo kati ya hizo mbili moja ilikuwa ya juu na nyingine ya chini. Wenye glavu wakarudi. Tulisikia wa nne akilalamika mpaka chini kabisa kwamba robo haikuwa na nia mbaya.

Nikabaki peke yangu. Sipendi kumhukumu mtu haraka. Hata suruali, mteja akiniambia kiuno chake ni thelathini na mbili, namshukuru, kisha napima. Nikachukua penseli na daftari nikaanza na vidole vya miguu. Vimenyooka. Magoti yamenyooka. Kiuno hakijakunjika. Ukurasa wa kwanza ukajaa, nikafungua wa pili.

Kisha nikasema ningependa kuona alikoanzia, maana huwezi kujua kitu kama hujui kilivyoanza. Kitabu kikasema ni haki yangu.

Sasa meza iko shambani. Mbele yangu pana ghala la majani makavu, paa lake limebeba theluji. Torleif ana miaka kumi na moja, anakusanya theluji kwa beleshi chini ya paa. Ragnhild ana miaka tisa. Yuko juu ya paa, amevaa sketi ya sufu na vibao vya baba yao vinavyomzidi kimo.

"Lainisha, kaka!"

"Nimeshalainisha!"

"Muongo wewe. Piga nisikie."

Chwa. Chwa.

"Haya." Anaruka. Miguu inapita juu ya kichwa, inarudi, anazama kwenye theluji mpaka kifuani, na sketi imemfunika uso. Mama yao anatoka na mwiko mkononi.

"Nani kakufundisha huo wazimu?"

"Hakuna, mama."

Ni kweli. Niliangalia kila upande wa shamba lile na hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Nikaandika hilo. Liliniletea kurasa sita.

Nilipoinua kichwa meza ilikuwa kwenye korido ndefu yenye zulia. Kwenye benchi aliketi mzee mwenye fimbo mbili ndefu kuliko yeye. Ndani ya koti lake kulikuwa na muziki unaosikika kwa mbali.

"Wewe ni wa nini?" niliuliza.

"Wa dansi. Sisi tulicheza na skii kwenye theluji, dakika moja na nusu, muziki wako mwenyewe. Mchezo wetu ukafutwa. Nasubiri muziki uzimwe niende nyumbani, ila aliyekuwa na kazi ya kuzima alihamishwa."

"Tangu lini?"

"Usiniulize hivyo, mwanangu. Ukimwona Ragnhild, mwambie huku bado tunamtaja."

Nikaandika na yeye. Niliandika kimo cha fimbo, rangi ya soksi, na kwamba alipiga mguu kufuata muziki bila kujua. Sikutaka kuacha mtu.

Tukarudi mlimani. Nikafunga daftari nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

"Umejaza kurasa ngapi?" kiliuliza Kitabu.

"Arobaini na moja."

"Ukurasa mmoja ni mwaka mmoja. Nilidhani unajua."

Nikatazama chini. Torleif alikuwa mzee. Mgongo umepinda, ndevu nyeupe zimeingia kwenye kola. Theluji yote ya mteremko ilikuwa imeisha, imebaki sehemu ndogo kama mkeka wa watu wawili, na pembeni yake ni mawe na matope. Alikuwa bado anachimba. Chwa. Kisha anapumzika muda mrefu. Chwa.

Ragnhild hakuzeeka hata siku moja, kwa kuwa alikuwa bado hajaruka.

"Samahani sana, mzee wangu," nilimwambia Torleif. "Sikujua."

"Si kitu, bwana jaji. Kazi nzuri haitaki pupa." Alisema bila kejeli hata kidogo. Ningefarijika zaidi kama angenitukana.

"Natoa alama sasa hivi," nikasema.

"Ukitoa peke yako," kilisema Kitabu, "alama yako itakuwa ndiyo ya juu na ndiyo ya chini. Itatupwa, na wewe utatupwa nayo. Wanatakiwa watatu."

"Torleif na mimi tuko wawili."

"Ndugu haruhusiwi."

"Sisi je?" ilisema sauti kutoka juu. Vilikuwa ni vibao vya skii. Sikujua kwamba vilikuwa vinasikiliza.

Kitabu kikajipekua mwanzo mpaka mwisho. "Vibao havijakatazwa. Aliyeniandika hakuwaza."

"Basi mimi natoa sifuri," kilisema kibao cha kushoto.

"Huna adabu!" kiling'aka mwenzake. "Miaka yote umefungwa mguuni kwa mwanamke wa watu, leo sifuri?"

"Acha porojo. Lazima mmoja wetu awe wa chini. Wewe toa kumi, maneno yaishe."

Kibao cha pili kikakubali. "Kumi," kikasema.

"Mkishatupwa, mimi nitatua na nini?" aliuliza Ragnhild.

"Na miguu," kilisema Kitabu. "Sheria inataka miguu miwili. Haikutaja kilicho chini yake."

Alifikiri. Nywele zake zilikuwa zimening'inia kuelekea kwetu, hazitikisiki. "Sawa. Ila iwe upesi, kaka akiwa bado ananiona."

Wote wakanigeukia. Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho, nikasoma nilichokiandika.

"Saba," nikasema.

"Saba?" Hakukasirika. Alitaka kujua tu.

"Mkono mmoja, dada. Umefunguka. Ulipaswa kubanwa ubavuni."

"Najua," alisema Ragnhild. "Nilikuwa nampungia kaka."

Nikakiuliza Kitabu kama naweza kuongeza. Kikasema nikifika kumi nitalingana na ya juu na nitatupwa, na hata chini ya hapo alama ikishatamkwa haibadiliki. Nikakiuliza tena kwa maneno mengine. Kikajibu yale yale. Saba ikabaki.

Wenye glavu nyeupe wakapanda hewani, wakafungua vibao taratibu, wakavitupa korongoni. Viliondoka vikibishana. Ragnhild akaanza kuzunguka, pole pole, kama feni umeme unaporudi.

Hapo ndipo nikagundua kwamba sijasikia beleshi.

Torleif alikuwa ameketi kwenye ile theluji kidogo, paji la uso limeegemea mpini. Barafu ilikuwa imeshika kope zake. Nikashuka mbio na kaptula yangu. Nikamgusa shingo, nikamgusa mkono. Nikasubiri, nikagusa tena, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Mbona kimya?" aliita Ragnhild. Bado alikuwa kichwa chini. "Kaka yupo?"

Kitabu kilikohoa kule juu. "Anayezunguka akitazama chini, hupotea. Anavunjika."

Theluji chini ya viatu vyangu ilikuwa inakaza. Niliisikia ikikaza, kama wali unavyoshika chungu.

Nikamsogeza mzee kando, nikamlaza ubavu. Nikachukua beleshi. Mpini ulikuwa na mashimo mawili mahali alipokuwa anashika, na mikono yangu haikujaa. Nikachimba. Chwa. Chwa. Chwa.

"Yupo!" nikapiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani. "Yupo, dada! Tazama mbele! Teremka!"

"Namsikia!" akasema.

Anazunguka. Jua linapita kati ya miguu yake na ardhi. Mikono yote miwili imefunguka kabisa sasa, na hakuna jaji wa kuiandika. Ninachimba. Ninaruka pembeni.

Alitua. Miguu miwili, mitupu, magoti yamekunjwa, theluji ikampanda mpaka mapajani. Hakuyumba. Alikuwa anacheka, huku machozi ya upepo yakimtoka.

"Umeniona, kaka?" akasema, akageukia upande ambao sauti ya beleshi ilikuwa inatokea.

Upande huo nilikuwa nimesimama mimi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani kwa muda, kisha nikavaa, nikafungua mlango. Mama Oresta, jirani yangu ambaye tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, alikuwa akipiga deki kibarazani.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, Mama Oresta."

"Usiku umepiga kelele wewe! Wewe ambaye tukitaka kukusikia tunazima redio!"

Nikamwomba radhi.

"Aa, si neno." Akakamua tambara. Kisha akautazama mlango wangu, akashusha sauti. "Ila huyo dada mgeni wako, mpe pole kwa msiba wa kaka yake. Maskini, amelia mpaka kumekucha."

Nikasema nitamfikishia.