Mkato Ulioishia Kwenye Mstari

Kazi yangu ugenini, kwenye karakana ya mabati pale Rosettenville, ilikuwa kuchora masanduku ya mita za umeme. Mimi nachora, bati linakatwa kwa kufuata mchoro wangu, Mussa wa Tanga analikunja kwa mashine. Karakana nzima ni yeye tu niliyezungumza naye Kiswahili, ingawa changu cha Lubumbashi alikicheka kila siku.

Sanduku ni pembe. Usipokata kipande kwenye pembe, kuta mbili zinagongana. Na pale mikunjo inapokutana lazima uache mkato mdogo, bati lisivutane. Mwaka 2017 tulipata oda ya masanduku mia mbili, na pembe zikaanza kuchanika.

"Kaka Damien, mikato yako inaishia kwenye mstari wa kukunja," Mussa alisema. "Ipitishe kidogo."

Mbele ya wote nikamjibu kwamba yeye ni mkunjaji tu, mchoro aniachie mimi niliyesomea. Bosi akauliza kosa la nani. Nikamnyooshea Mussa kidole. Ijumaa ya wiki ileile akafukuzwa.

Mkunjaji mpya akaja. Pembe zikachanika vilevile. Nikapitisha mikato milimita tatu, zikatulia. Nilishikwa na aibu. Mchana nilikaa peke yangu, na nikirudi chumbani kwangu mtaa wa La Rochelle sikuwa na wa kuongea naye Kiswahili. Wiki tatu nikajizungusha, maana kuomba radhi sijazoea.

Jumapili moja nikaenda kwake, mtaa wa Berea. Mussa alifungua mlango, hakunikaribisha ndani.

"Miye njo nilikosa," nikakiri. "Unisamehe, ndugu yangu."

"Kunitukana ulinitukana mbele za watu. Radhi unaniletea mlangoni?" Hakupandisha sauti. "Kawaambie waliosikia."

Jumatatu nikaomba mashine zizimwe. Nikasema kwa Kiingereza changu kibovu: kosa lilikuwa langu, Mussa alikuwa sahihi. Bosi akanikodolea macho, kisha akasema haya, Mussa arudi kesho. Nikampigia Mussa simu palepale kwa furaha.

Mussa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nashukuru umesema," akajibu. "Ila kazi nimeshapata kwingine."

Nikamwuliza kama Jumapili naweza kupita, tupige soga tu. Akasema Jumapili ana shughuli. Sikuuliza Jumapili ipi.