Matonge Matano

Khairiya hakuwa mgeni wa mambo ya ujenzi. Aliuza rangi na chokaa pale Usagara miaka tisa, na kila fundi aliyeegemea kaunta yake alimsomesha bila kujua. Ukuta wenye rangi ya mafuta haubandikwi marumaru mpaka udonolewe kwa nyundo, uoshwe, ukauke. Gundi hupakwa ukuta mzima kwa mwiko wa meno, na nyuma ya marumaru pasibaki hata nafasi ya kunguni kulala. Yote hayo aliyajua, na yote akayaweka kando siku alipomwita Shaame aje kutengeneza bafu la mama yake.

Maana Shaame hakuwa fundi tu. Mama yake mzazi alifariki kule Pemba, hata arobaini ya uzazi haijatimia, na Bi Wanu, mama yake Khairiya, akakichukua kile kichanga akakipa ziwa la kushoto, la kulia akiwa nalo Khairiya. Basi wakawa ndugu wa ziwa moja, kuoana haramu, kufichana hakuna. Bi Wanu, ambaye hata muuza samaki hamfungulii mlango mpaka ajitande, mbele ya Shaame alikaa kichwa wazi, mvi nje, anasukwa.

Na fundi mwingine alikuwepo. Wilfred, Mlutheri wa mtaa wa pili, alikuja, akagonga ukuta huku na huku, akasema kazi hii ni ya siku kumi.

"Siku kumi mwanamume wa watu yumo bafuni mwangu!" Bi Wanu alimaka Wilfred alipokwisha ondoka. "N'jitie aibu gani tena? Mwite mwanangu."

Khairiya akaunga mkono: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Maskini, alisahau kwamba hata hilo linakula.

Shaame alimaliza kwa siku tatu. Khairiya alimletea mifuko sita ya gundi, akamwachia, akarudi dukani. Kumsimamia ndugu yako unatazama anachopaka ni sawa na kumwita mwizi, naye hakulelewa hivyo. Bafu likatoka jeupe, linang'aa, na Bi Wanu alipoliona alilia. Nyonga yake mbovu ilikuwa imemfanya aogeshwe na binti yake mwaka mzima, na hakuna kitu kilichomdhalilisha kama hicho. Sasa alijifungia mlango, akakaa kwenye kigoda, akaoga peke yake.

Alioga peke yake miezi minne.

Ijumaa moja asubuhi aliinuka kwenye kigoda, akaegemeza kiganja ukutani kama kawaida yake. Marumaru ikabanduka, naye akaenda nayo. Khairiya alimkuta sakafuni, mkono umevunjika, na ule mzima unahangaika kuvuta kanga ili ajisitiri.

Waliporudi kutoka hospitali, Khairiya aliingia bafuni akagonga marumaru kwa kifundo cha kidole. Ukuta ukalia kama debe tupu. Akagonga nyingine, na nyingine. Akaenda kumwita Wilfred, na njia nzima moyo ulimwambia arudi, asitafute asichotaka kukijua.

Wilfred hakuhitaji hata patasi. Alizitoa zile marumaru kwa vidole, akazigeuza. Nyuma ya kila moja matonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, yamekaa kama maandazi kwenye sinia. Kwingine kote kulikuwa safi kama siku ilipotoka dukani. Na ukutani ile rangi ya kijani ya zamani, rangi ya mafuta, imelowa chepechepe, haina hata alama moja ya nyundo.

"Gundi hii haifiki mifuko miwili, dada," Wilfred alisema, akiangalia chini kana kwamba kosa ni lake.

Jumapili Shaame alikuja na mfuko wa machungwa kumpa mama pole. Khairiya alimzuia ukumbini. Chumba cha Bi Wanu kilikuwa hapo hapo, pazia tu limetenganisha.

"Mifuko minne iko wapi?"

Alidhani ataapa. Laiti angeapa! Shaame alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliye kwao.

"Ilikwenda kwenye nyumba ya bwana mmoja kule Raskazone, nako nilikuwa na kazi. Yule bwana kila marumaru anaigonga, Khairiya, ananisimamia kichwani kutwa. Gundi ikanipungukia. Nikasema, hapa ni nyumbani. Hata likitokea la kutokea, nyinyi mtanisamehe."

Kwa hiyo Shaame alijua. Alipokuwa anapachika yale matonge alijua, na aliwachagua wao kwa sababu walimpenda. Hasira ilimpanda Khairiya mpaka meno yakauma.

Shaame alimpita, akafunua pazia, akaingia kama alivyoingia maisha yake yote.

"Shikamoo, mama."

Bi Wanu alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye plasta, nywele zake nyeupe zimesukwa nusu. Hakuitikia marahaba.

"Khairiya," aliita. "Hebu n'pe ushungi wangu. Kuna mwanamume wa watu kaingia."

Khairiya aliuchukua ushungi kwenye msumari, akamfunika mama yake taratibu, akaingiza ndani mvi moja moja mpaka zote zikafichika, na Shaame amesimama pale pale na machungwa yake mkononi.