Papai Lenye Nyuzi

Fenesi kila mtu analijua. Ubao wake hakuna anayeuulizia. Fundi aliuokota kwenye mabaki ya mpasua mbao, akaugonga kwa kidole, akautegea sikio, akaugonga tena, akacheka peke yake. Mkangazi, mti wa magitaa yote ya mjini, huimba kama mzee aliyeshiba. Mfenesi uliitika upesi, mnene katikati, mkavu mwishoni, kama mtu anayesema neno lake na kunyamaza. Akaukata kuwa gitaa zima, mgongo na uso.

Tangu baba yake, fundi wa magitaa, afariki na kumwachia karakana, wanamuziki walikuwa wakimletea stuli za kurekebisha tu. Mwimbaji Chiriku ndiye wa kwanza kumwagiza gitaa, na alichoshika Chiriku, waimbaji wengine hukimbilia kukishika. Akilikataa, Fundi alijua, atachonga miguu ya vitanda mpaka uzeeni.

Chiriku alipokuja kuliangalia, hakuligusa. Mfenesi mbichi ni wa manjano kama kiini cha yai, na vanishi ilikuwa bado. Akalizunguka kama mtu aliyekuta nyoka jikoni.

"Binti, mimi niliagiza gitaa. Hili ni papai lenye nyuzi."

Fundi akamweleza kwamba mti huo hujipika wenyewe kwa mwanga. Likikaa karibu na dirisha miezi michache litakuwa kahawia kama chai ya rangi. Chiriku akasema sawa, atarudi, ila jukwaani hapandi na tunda.

Karakana haikuwa na dirisha la maana. Fundi akalivua gitaa nyuzi, akalilaza mezani sebuleni kwa mama yake, akamwapisha asilisogeze hata kidogo. Kisha akaitwa kutengeneza madawati ya shule katika mji wa jirani, akaenda zake.

Mama alikuwa na ugonjwa wa vitambaa vya kufuma. Nyumbani mwake hakuna kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, friji ilikuwa na kitambaa, na kitambaa cha kochi kilikuwa na kitambaa chake kidogo cha juu, kisichafuke.

Siku Fundi aliporudi, miezi mitatu baadaye, alimkuta Chiriku kochini ana kikombe cha chai, na Mama akimsimulia kwa fahari kwamba gitaa halijaguswa hata na chembe ya vumbi. Kisha Mama akalivua gitaa kitambaa cha kufuma.

Ubao ulikuwa umeiva, kahawia tupu. Ila kila uzi wa kitambaa ulipolala palibaki manjano: maua, majani, ukingo wa mawimbi, mpaka mahali Mama alipokosea mshono mmoja palionekana.

Fundi akapitisha kidole juu ya ua moja. "Mama, nilikuambia nini?"

"Nisilisogeze. Nimelisogeza?"

Chiriku aliinama, akanusa karibu, akauliza kama madoa yale yanafutika. Jibu rahisi lilikuwepo: msasa. Lakini Fundi alikuwa ameupunguza uso wa gitaa kidogo kidogo mpaka sauti ikafunguka. Kuupiga msasa tena ni kulikwangua koo.

"Yanafutika," akasema. "Na sauti inaondoka nayo."

"Sauti gani? Mimi sijaisikia."

Akalifunga nyuzi, akampa. Chiriku aligusa uzi mmoja kama anayeonja dawa. Akagusa wa pili. Halafu akasahau kwamba yuko ugenini. Aliimba chini kwa chini, na gitaa halikumfunika wala halikubaki nyuma. Lilimjibu na kumwachia nafasi. Chai ikapoa. Mama akadakia kiitikio kwa sauti isiyohusiana kabisa na wimbo, wala hakuna aliyemzuia.

Mwisho Chiriku akalikumbatia gitaa kifuani na kusema analichukua, na maua yake.

Fundi angeweza kunyamaza hapo. Moyo ukakataa.

"Kaka, nisikudanganye. Vanishi itachelewesha tu. Hayo maua yataungua kwa mwanga vilevile, mwaka hadi mwaka, mpaka gitaa zima liwe rangi moja."

Chiriku akaligeuza gitaa kuelekea dirishani. Mama alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa kikubwa zaidi.

"Basi paka hiyo vanishi upesi, Fundi," Chiriku akasema. "Nataka watu wayaone kabla hayajanyauka."