Neno Kwenye Kapu la Nguo

Mwaka 1974 Nabwire alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Old Kampala. Jeshi liliichukua hoteli hiyo kuwalaza maofisa baada ya mwenyewe, Mhindi, kufukuzwa nchini. Kabla ya hapo Nabwire alifua nguo za hospitali miaka tisa. Huko alijifunza kuzitenga nguo katika makapu mawili na kuyaandika kwa rangi, moja CLEAN, la nguo safi, la pili SOILED, na hotelini akaendelea hivyo hivyo.

Asubuhi moja Sajini Fadhul aliikuta sare ya meja wake ndani ya kapu la pili. Akamwuliza Acen, binti aliyekuwa akisuuza shuka, neno lile lina maana gani. Kwa woga Acen akasema ni chafu. Sajini akamgeukia Nabwire, mkono juu ya bastola.

"Nani aliandika hii maneno? Unasema meja ni mchafu?"

Siku hizo watu walitiwa kwenye buti za magari, wasionekane tena, kwa makosa madogo kuliko hilo. Acen akaanza kulia. Nabwire aliiweka pasi pembeni.

"Ni mimi, afande. Neno hilo halimsemi mwenye nguo. Linasema nguo imevaliwa, imepata jasho na vumbi, inangoja maji. Hata shuka za bibi harusi zingeingia humo. Ningetaka kutukana ningeandika filthy. Hiyo ni chafu ya kutia kinyaa, na anayeambiwa hasahau."

Fadhul aliuondoa mkono juu ya bastola. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama ana hakika na hilo filthy. Nabwire akajibu kwamba analijua kama jina lake. Ndipo sajini alipotoa mfukoni barua aliyokuwa anaipeleka kwa kanali, kuomba wafagiaji. Mstari wa kwanza ulimwambia kanali kwamba ofisi yake ni filthy.

"Ulitaka kusema ina vumbi?" Nabwire aliuliza.

"Vumbi tu, mama."

"Basi andika dusty. Hii usiipeleke."

Fadhul akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akainakili barua upya, herufi kwa herufi, kisha akaichana ile ya kwanza vipande vipande.

Tangu hapo hakupeleka barua kwa wakubwa kabla Nabwire hajaisoma. Na kaka yake Acen, Ogwal, alipokamatwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani cha Kisugu, Nabwire ndiye aliyeandika barua ya kumwombea na Fadhul ndiye aliyeipeleka. Siku ya pili Ogwal alirudi nyumbani kwa miguu, mzima.