Mtihani wa Kichwa

Mume wangu Darcy amecheza hoki ya barafu kwa mshahara tangu kabla hatujaoana, na katika muda wote huo nimefunga na kufungua maboksi ya vyombo mpaka nikaacha kununua vyombo vya kuvunjika. Watu wakisikia mchezaji wa kulipwa wanafikiria majumba na magari. Sisi ni wa ligi ya pili, ligi ya mabasi, inayochezwa katika miji ambayo hata watabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni huisahau. Safari hii tuko Carrow Lake, kaskazini mwa Ontario, na hapo ndipo nilipomwambia sasa basi.

Darcy ni beki, na si beki wa kufunga mabao. Kazi yake ni kusimama mbele ya goli na kuwazuia watu wazima wanaokuja kasi wasimfikie kipa. Mwenzake akionewa, yeye ndiye anayevua glavu na kwenda kumlipizia. Mashabiki wanampenda kwa hilo kuliko wanavyowapenda wafungaji. Wanaimba "Lemmer! Lemmer!" kwa kulifupisha jina letu la Lemke, huku yeye anakula ngumi za uso, na mimi nimekaa katikati yao na kahawa yangu, natabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wageni.

Kwa miaka mingi nilivumilia. Meno ya mbele yalikwenda tukiwa bado wachumba, na nikacheka. Bega lilitoka, likarudishwa. Kilichonishinda ni kichwa.

Kila Septemba, kabla ya msimu kuanza, wachezaji wote hupimwa akili wakiwa wazima. Wanakaa mbele ya kompyuta, wanaonyeshwa maneno na picha, wanaulizwa wanakumbuka yapi, wanabonyeza vitufe haraka wawezavyo, kisha wanasimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Alama zinahifadhiwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu anafanyiwa mtihani ule ule, na harudi uwanjani mpaka alama zake zifikie zile za Septemba. Ni mpango mzuri sana, ila walioupanga walisahau wanampima nani. Hakuna mkongwe katika ligi hii anayefanya mtihani wa Septemba kwa moyo wote. Wanajifanya mbumbumbu. Wanachelewa kubonyeza, wanasahau maneno makusudi, wanayumba kwa mguu mmoja, ili siku watakapogongwa kwelikweli wafikie alama zile za kijinga bila shida na warudi uwanjani. Mtihani wenyewe una mitego ya kunasa wanaozidisha ujinga, lakini wakongwe wanajua kukosea kwa kiasi. Darcy ni bingwa wao. Wageni wakifika kwenye timu, yeye ndiye anayewafundisha.

Mwezi Machi aligongwa. Alikuwa ameinama kuuchukua mpira ukutani, jamaa akamjia kwa nyuma, kichwa kikapiga ubao wa ukuta ule. Mpira wetu si wa duara, ni kisahani kigumu cha raba, na mpaka leo sielewi kwa nini mtu avunjwe shingo kwa ajili yake. Nyumbani alikula chakula cha jioni amevaa miwani ya jua, taa zimezimwa, na binti yetu Tessa akadhani ni mchezo, naye akavaa yake. Baada ya siku chache akapimwa, akafikia alama zake za Septemba, akarudi uwanjani. Kila mtu akampongeza kwa kupona upesi.

Hakupona. Kiangazi kile nilimwona akisimama gereji bila kujua alifuata nini. Alimwita mbwa wetu kwa jina la mbwa aliyekufa tulipokuwa mji mwingine. Siku moja alimfokea Tessa kwa sababu ya mlio wa kijiko kwenye bakuli, na baadaye akaenda kulia bafuni, akidhani sauti ya maji inatosha kumficha. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikugonga mlango. Nilikaa sebuleni nikakunja nguo.

Mwezi Agosti nikamwambia aache.

"Msimu mmoja tu, Rhonda," akasema. Alikuwa anaosha vyombo, na akaendelea kusugua sufuria ile ile iliyokwisha kutakata. "Mmoja tu, halafu basi."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Mwaka juzi nilikuwa natania. Sasa hivi nasema kweli."

"Darcy, kichwa chako si kizima."

"Kichwa changu hakijawahi kuwa kizima. Si nilikuoa wewe?"

Sikucheka, naye akaacha kusugua. "Mimi sijui kufanya kitu kingine," akasema. "Nikiamka asubuhi na hakuna mazoezi, hakuna wa kunitukana, hakuna basi la kupanda, nitakuwa nani? Niambie, maana mimi nimefikiri sana na sijapata jibu."

Nilimhurumia, na nilikasirika pia kwamba ananifanya nimhurumie. Nikampa sharti moja. Mwaka huu afanye mtihani kwa haki, bila hila, kwa nguvu zake zote. Mtu aliyekuwa akikosea makusudi miaka yote, akijitahidi lazima alama zipande. Zikipanda, basi kichwa kipo. Atacheza, na hatanisikia nikilalamika mpaka msimu uishe Aprili. Zisipopanda, atatundika viatu.

"Zitapanda mpaka daktari aanguke kwenye kiti," akasema, akanipa mkono wenye povu tukapatana.

Siku ya mtihani niliendesha gari mimi. Wake huwa hawaendi, lakini nilitaka kuwepo. Ukumbi wa uwanja wa barafu ulikuwa na harufu ile ile ya kila uwanja niliowahi kukaa: glavu zenye jasho la zamani na vitunguu vya kukaanga. Nje ya chumba cha daktari tulimkuta Sorensen, kipa wetu, akitoka.

"Aa, Bibi Lemmer!" akasema. "Umemleta mtoto shule mwenyewe? Na chakula chake umemfungia?"

"Nimekuja kuhakikisha hatoroki."

"Mwambie asijisumbue. Mimi nimeonyeshwa tufaha, nikasema sijawahi kuona kitu kama hicho."

"Wewe hata ukijitahidi ungesema ni kofia," Darcy akamjibu.

"Angalau mimi nina kisingizio, babu. Napigwa na mipira. Wewe unapigwa na kila kitu."

Wakasukumana mabegani, Sorensen akaenda zake akipiga mluzi. Darcy alisimama kidogo mlangoni, akafuta viganja kwenye suruali. Ndoa yetu nzima sikuwahi kumwona akifuta viganja kabla ya kuingia mahali, hata siku ya harusi.

Mlango ule una kidirisha cha kioo. Nilijiambia sitachungulia, nikachungulia. Nilitaka kuhakikisha hanidanganyi, maana namjua. Nikamwona ameinamia kompyuta, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anavyofanya akimsaidia Tessa hesabu. Alibonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena. Daktari Voth, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya uchangamfu, alikuwa pembeni anaandika. Ulipofika mtihani wa kusimama, Darcy alifumba macho, akainua mguu, akayumba, akaugusisha chini, akauinua tena. Kama nisingemjua ningesema anaigiza.

Nikarudi kwenye benchi na roho imetulia kidogo. Anajitahidi, nilijiambia. Atatoka na majigambo yake, nami nitalazimika kukaa kimya mpaka Aprili. Nilishaanza kujionea huruma.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Voth alitoka wa kwanza, anatabasamu.

"Rhonda, usiwe na uso huo," akasema. "Habari njema. Mumeo habadiliki! Nimelinganisha na mwaka jana na mwaka juzi: alama zile zile. Zimepungua kidogo sana, hata si kitu. Kwa kazi anayoifanya na umri wake, nilitegemea kuona tofauti, lakini hakuna. Kichwa cha Lemmer ni jiwe."

"Zile zile?" nikauliza.

"Zile zile kabisa. Ruksa kucheza." Akamgonga Darcy begani, akamwita mchezaji aliyefuata, akaingia naye, akafunga mlango.

Darcy alikuwa bado amesimama. Uso wake ulikuwa umekaa kama mtu anayesikiliza kitu kinachosemwa chumba cha mbali. Mimi nilikuwa nimeelewa, na niliona kwamba na yeye ameelewa. Miaka yote alikuwa akijishusha kwa makusudi, akichagua kiwango cha ujinga cha kuandikiwa. Leo amejitahidi kwa uwezo wake wote na amefika pale pale, wala hakupafikia sawasawa.

Pengine mke mwingine angesema, haya, sharti ni sharti. Mimi nilimshika mikono yote miwili.

"Umedanganya," nikamwambia. "Umenidanganya, sivyo? Umejifanya mbumbumbu kama kila mwaka."

Akaangalia ule mlango uliofungwa.

"Sema tu, Darcy. Sitakasirika. Cheza msimu wako, cheza na mwakani, sitasema neno. Niambie umedanganya."

"Nilikuona kwenye kioo," akasema taratibu. "Nikasema moyoni, wacha nimwonyeshe huyu. Yalikuja maneno kumi. Niliyarudia yote kimoyomoyo, nikayapanga vizuri kabisa. Daktari aliponiuliza, Rhonda, nilikuwa na matatu."

Nilianza kulia palepale ukumbini, kwa sauti, mbele ya picha za timu za zamani. Yeye hakulia. Alinifuta uso kwa kiganja chake kikubwa chenye vidole vilivyopinda, akageuka, akaanza kurudi kwenye mlango wa daktari.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia ukweli. Wa miaka yote." Alikuwa ameshashika kitasa. "Ulitaka niache. Naacha."

"Si hivi," nikasema. "Sikutaka hivi."

Akagonga mlango.